Nina mimba na paka wawili ndani, mavyaa anataka niwatupe: jibu la daktari wa mifugo

Swali lenyewe:

"Shikamoo dokta. Mi niko Tanga, mimba yangu ya kwanza, wiki ya 15. Ndani nina paka wawili, Pusi na Kipara, niko nao toka kabla sijaolewa. Juzi mavyaa kaja toka Muheza kawaona, kasema hao paka wana tokso, watamuua mjukuu wake, niwatie kwenye kiroba nikawamwage sokoni. Yeye mwenyewe anafuga mbuzi, mwaka jana wawili walitupa mimba na wakasema ni mambo ya paka. Nikaenda kupima, karatasi imeandikwa IgG chanya, IgM hasi. Aliyenipa majibu kasema ninao huo ugonjwa, basi. Siku ya tatu leo silali. Wifi yangu naye ana mimba ya miezi miwili, hajapima ila yeye hashiki paka kabisa kwahiyo tunaona yuko salama. Niwatupe? Na mtoto wangu je?"

Marahaba mwanangu, pole na hongera kwa pamoja. Nianze na hiyo karatasi maana ndo inakunyima usingizi, paka watasubiri kidogo.

IgG na IgM ni kingamwili, yaani askari ambao mwili unawatengeneza ukikutana na mdudu. IgM ndo wanatangulia, maambukizi yakiwa mapya ndo hao wanaonekana kwanza. IgG wanachelewa kama wiki kadhaa hivi, lakini wakishakuja hawaondoki tena, wanakaa maisha yote kama lile kovu la chanjo begani. Sasa wewe IgG unao, IgM huna. Maana yake ulikutana na tokso zamani, yaani toksoplasmosisi, ugonjwa wa kimdudu kisichoonekana kwa macho, pengine ukiwa mtoto unafinyanga vyungu vya udongo huko uani kwenu, ukapata kahoma ambako mama yako aliita mafua, mwili ukamaliza kazi yake na maisha yakaendelea. Kwa mtu wa wiki 15 hayo ni majibu mazuri tu. Ukienda kliniki nenda na karatasi hiyohiyo umwonyeshe daktari wako, maana mi daktari wa wanyama, mimba yako ina mwenyewe, ila kusoma IgG na IgM ni kazi yetu ya kila siku na hiyo haina utata.

Aliyekwambia "unao" hakudanganya moja kwa moja. Mdudu huyu akishaingia hatoki kabisa, anajifungia kwenye vifuko vidogo sana ndani ya misuli na ubongo, analala. Lakini kumtupia mjamzito neno kama hilo dirishani na kumwita anayefuata, hapana, hiyo sio sawa. Mtoto wa tumboni anakuwa hatarini pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza kabisa mimba ikiwa tayari ipo, au imebaki kidogo tu ishike, kwa sababu hapo mdudu anazunguka kwenye damu na askari bado hawajajipanga. Wewe askari wako wameshapanga foleni miaka. Anayetolewa kwenye hesabu hii ni mama ambaye kinga imeshuka sana, mfano mwenye virusi vya ukimwi ambaye hajaanza dawa, yeye mdudu wa zamani anaweza kuamka. Kipimo hicho cha VVU kliniki walishakufanyia, kwahiyo unajijua.

Kwa nyumba yenu mi roho yangu haiko kwako kabisa, iko kwa wifi. Huyo asiyeshika paka. Ngoja nikueleze kwa nini, na itabidi nirudi nyuma kidogo.

Mdudu anaitwa Toxoplasma gondii, ni kitu cha seli moja tu, ukoo wa mbali na mdudu wa malaria. Alionekana mara ya kwanza 1908 kule Tunis, Charles Nicolle na Louis Manceaux walimkuta kwenye mnyama mdogo kama panya anaitwa gundi, na mwaka huohuo Alfonso Splendore akamkuta kwenye sungura huko Brazili. Jina Toxo ni la Kigiriki, upinde, maana kamepinda hivi. Basi zaidi ya miaka hamsini wataalamu wanajua yupo, wanajua anaharibu watoto tumboni, ila njia anayopita hawaijui. Paris 1965, Georges Desmonts na wenzake wakawaangalia watoto waliolazwa sanatoria ya kifua kikuu. Pale walikuwa na desturi ya kuwapa watoto nyama isiyoiva eti inatia nguvu. Kwa kawaida katika watoto 100 kama 10 hivi walikuwa wanapata tokso kwa mwaka. Walipoongezewa nyama ya ng'ombe au farasi iliyopita tu motoni ikapanda kwenye 50. Ilipoongezwa ya kondoo, nayo ya damudamu, hesabu ikafika 100. Leo ukiomba kibali cha utafiti wa namna hiyo utafukuzwa ofisini, lakini jibu lilipatikana, nyama.

Haya, nyama imeshikwa na ushahidi mkononi. Tatizo ni kwamba Bombay walishapima mwaka 1959 watu wasioonja nyama toka wazaliwe, na wakawakuta wanao kama wala nyama tu. Hao wamepatia wapi? Hapo ndo akaja William Hutchison, Glasgow, 1965, akaonyesha kwamba kinyesi cha paka kinaambukiza. Mwanzo alidhani mdudu anasafiri ndani ya mayai ya minyoo ya paka, ikaja kuonekana sio, kufika 1970 imeshathibitika ni vimayai vyake mwenyewe, anavyozalia kwenye utumbo wa paka. Na 1969 kulikuwa kumechapishwa habari za visiwa vidogo vya Pasifiki, penye paka watu wanao, pasipo na paka karibu hakuna mwenye nao.

Kwahiyo mavyaa hajatunga, mpe haki yake. Paka na jamaa zake wote, simba, chui, duma, paka pori, ndo wanyama pekee ambao mdudu huyu anazalia ndani ya utumbo wao na kutoka kwenye mavi. Mbwa hapana, kuku hapana, mbuzi hapana, sisi hapana. Bila paka mzunguko unakatika. Ila kati ya "paka ndo anaanzisha" na "paka wangu wa kitandani ataniambukiza" hapo katikati kuna safari ndefu.

Angalia safari yenyewe. Paka anaambukizwa akila panya, ndege au nyama mbichi yenye vifuko. Siku chache baadae anaanza kutoa vimayai, mamilioni, kwa muda wa wiki moja mpaka tatu hivi, basi, anafunga. Paka wengi wanafanya hivyo mara moja tu maishani, na wengi ni wakiwa bado wadogo, ndo kwanza wameanza kuwinda. Baada ya hapo anakuwa na kinga kama yako na ni mara chache arudie. Ukichukua paka 100 leo hii ukachunguza mavi yao, unaweza ukakuta mmoja anatoa vimayai, saa ingine hamna hata mmoja. Alafu kingine, mavi mabichi hayaambukizi. Kimayai kikitoka kinataka kukaa nje siku moja mpaka tano kiive ndo kiwe na madhara. Na paka ni mtu wa kujiramba kutwa, mavi hayakai kwenye manyoya yake siku mbili tatu. Ndo maana kumpakata, kumbembeleza, hata kulala nae miguuni, hakuna kitu hapo cha kuogopa kwa upande wa tokso. Viroboto je? Hao sawa tuwaseme siku nyingine.

Pusi na Kipara wana umri gani hujaniambia, ila kama uko nao toka kabla ya ndoa basi sio vitoto. Ukitaka naweza kuwapima damu, na hapa watu wanachanganyikiwa sana: paka akitoka chanya ndo mzuri, ameshapitia, ameshamaliza. Akitoka hasi ndo wa kuchunga, maana zamu yake bado haijafika. Ningekuwa we nisingepoteza hela huko, ningeanza kuwachemshia chakula.

Maana huku kwetu mzunguko uko hivi, na umepita mbele ya macho yako mara mia. Jumapili mnachinja kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba. Yule kuku kutwa anadonoa udongo, kwahiyo kila kimayai kilichoko uani anakutana nacho yeye kwanza, na misuli yake na moyo wake vimejaa vifuko. Utumbo, mapafu na kichwa anatupiwa Kipara vibichi, anakula kwa kunguruma. Wiki haijaisha anaenda kufukua kwenye tuta la mchicha, anajisaidia, anafukia vizuri kwa adabu zake za kipaka. Mvua inakuja, tope linarukia majani. Wiki mbili baadae wifi anachuma ule mchicha, anausuuza mara moja kwenye sufuria, unaonekana safi. Mchicha wenyewe utachemka, hauna neno. Lakini mikono iliyochuma mchicha ndo imekatakata kachumbari. Hajamgusa paka, sikatai, ila tokso inaingia kwa mdomo. Mdomo wake ndo mlango, na mlango huo hauna habari na kumpenda au kumchukia paka.

Kuna utafiti wa wajawazito katika miji sita ya Ulaya uliotoka 2000, walikuta maambukizi 30 mpaka 63 katika kila 100 yalitokana na nyama isiyoiva, udongo 6 mpaka 17, na kuishi na paka hakukuonekana kuwa hatari. Sisi nyama tunaipika zaidi ya wao, mtu wa Tanga akiona damu kwenye supu anarudisha bakuli, kwahiyo mawazo yangu mi kwetu udongo, mboga na maji vina fungu kubwa kuliko huko. Ila nyama nayo isisahauliwe. Mishkaki ya njiani jioni, moto mkali, nje imeungua vizuri, pasua kipande kikubwa cha mbuzi utaona ndani bado pinki na baridi kidogo. Hapo mdudu hajasikia hata joto. Anakufa nyama ikifika nyuzi 67 mpaka katikati, na kwa kuwa hakuna anayetembea na kipimajoto, angalia tu isiwe pinki na maji yanayotoka yasiwe na damu. Friza inasaidia pia, nyuzi 12 chini ya sifuri kwa siku tatu au zaidi vifuko vinakufa, sema hiyo ni friza isiyokatiwa umeme, na umeme wetu mnaujua.

Alafu kuna hili naliona kila Ramadhani na wanawake hawalihesabu kama kula nyama mbichi. Unachanganya nyama ya kusaga ya kababu, kitunguu, pilipili, kotmiri, alafu unachovya kidole unaonja chumvi imekolea, unatema. Kutema hakusaidii kitu. Mwambie wifi akitaka kuonja akaange kipande kidogo kama kidole gumba kwanza. Na kibao cha kukatia nyama kikioshwa kwa maji ya moto na sabuni ndo kikatie nyanya, sio kupanguswa na kitambaa.

Mchanga. Kama kuna mtu anajenga jirani kamwaga lori la mchanga nje, pale ndo choo cha paka shume wote wa mtaa, usiku wanapanga zamu. Vimayai kwenye udongo wenye unyevu na kivuli vinaweza kuishi mwaka na zaidi. Jua kali na ukavu vinaviua mapema. Watoto wanajenga majumba pale alafu wanaingia ndani wanashika mkate. Funika kwa turubai. Na ukipanda maua au kupalilia vaa glavu, huna glavu funga mifuko mikononi, ukimaliza kucha zipigwe brashi.

Maji nayo. Brazili, mji mdogo wa Santa Isabel do Ivaí, 2001 kwenda 2002 mamia ya watu waliugua tokso kwa mpigo, ikafuatiliwa mpaka kwenye tangi la maji la mji ambapo paka alikuwa amezalia juu yake. Kwahiyo lile simtanki lenu lililopasuka mfuniko likawekwa bati na tofali, naomba lishughulikiwe. Na usidhani klorini itakusaidia, vimayai hivi havijali klorini, wala jiki, wala siki ile mnayolowekea kachumbari. Vinaogopa moto. Maji ya kunywa yachemke. Beseni la paka mwagia maji yanayochemka, liache dakika kadhaa, ndo umwage.

Hilo beseni lenyewe, kwa sababu natumaini mnalo, limwagwe kila siku, asubuhi hiyohiyo, kabla mavi hayajafikisha saa 24. Ukimwaga kila siku unakuwa umeondoa vimayai kabla havijaiva. Wewe kwa majibu yako hata ukimwaga mwenyewe hutakufa, ila kuna salmonela na minyoo pia kwahiyo mwachie mumeo. Wifi asiliguse kabisa, na mavi yatiwe kwenye mfuko yatupwe, sio kuzikwa kwenye bustani ya mboga.

Na chakula cha paka: dagaa mkavu sawa, kichwa cha samaki kilichochemshwa sawa, utumbo wa kuku upite kwenye maji yanayochemka kwanza, watakununia siku mbili watazoea. Usiku wafungie ndani wasiwinde. Kumtupa sokoni ndo kosa kubwa kuliko yote, sisemi kwa huruma tu ingawa huruma nayo ninayo. Paka aliyezoea kupewa ukimmwaga sokoni anarudi kwenye panya na mabaki ya bucha, ndo anaambukizwa na anajisaidia kwenye mchanga wa watu. Na hapo kwenu kesho yake anahamia shume mwingine asiyejulikana, maana panya wa kwenu wapo palepale. Tena hao panya, Oxford walionyesha 2000 kwamba panya mwenye tokso anapunguza woga wa harufu ya paka, anazubaa zubaa palepale penye mkojo wa adui yake. Mdudu anajitafutia usafiri. Mi kila nikifikiria hiyo nacheka peke yangu. Watu wanaenda mbali zaidi wanasema inageuza na akili za binadamu, kuna tafiti zimeona uhusiano na baadhi ya magonjwa ya akili, lakini kuona vitu viwili vinatembea pamoja sio ushahidi kwamba kimoja kimezaa kingine, usiliweke kichwani.

Sasa paka mwenyewe anaumwa? Mara nyingi sana hapana, hata hujui kama amepitia. Wanaoumia ni vitoto na wale ambao kinga imeshuka kwa magonjwa mengine, hasa ile FIV ambayo ni kama ukimwi wao, na hauambukizi watu kabla hujaanza kuogopa kingine. Niliwahi kuletewa kitoto cha miezi mitatu kwenye boksi la viatu, kimelala ubavu, kinapumua kwa tumbo kama mtu aliyepanda ngazi, homa juu, fizi za manjano. Yule bwana alikuwa amekipa robo ya parasetamo usiku kwa kuwa kina homa. Sasa hapo hata kama tokso ningeiweza, parasetamo kwa paka ni sumu kamili, ini lake halina namna ya kuivunja, damu inageuka kahawia haibebi hewa. Hakikufika jioni. Tafadhali hata kipande usimpe. Dawa ya tokso kwa paka ni klindamaisini, mara mbili kwa siku, mpaka wiki nne, na ukishamlisha kidonge msukumie maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana kikinasa kooni kikavu kinachoma koo. Dalili nyingine za kumleta ni jicho kubadilika rangi au kuwa na ukungu, kutembea anayumba, kutokula siku mbili. Chanjo ya tokso ya paka hakuna, ya watu pia hakuna. Ya kondoo ipo, wanaitumia Uingereza na New Zealand.

Mbwa kwa ufupi, maana hujauliza lakini watauliza wengine: anaweza kuugua akiwa mdogo au akiwa na distempa, ule ugonjwa wa virusi wa mbwa, na dalili ni kikohozi, miguu kukakamaa, kifafa. Zamani tukiona mtoto wa mbwa amekakamaa miguu ya nyuma tulisema tokso, mpaka 1988 akatambuliwa mdudu mwingine, Neospora, anayefanana nae kama pacha, na wengi wa wale ilikuwa ni huyo. Mbwa hatoi vimayai vya tokso mwenyewe, ila wale wanaokula mavi ya paka au kujigaragaza humo wanaweza kukuletea mlangoni.

Mbuzi wa mavyaa sasa. Hilo mi nalichukulia kwa uzito kuliko paka wako. Tokso kwa mbuzi na kondoo ni kati ya sababu kubwa za kutupa mimba, jike aliyekutana nayo mara ya kwanza akiwa na mimba anatupa, au anazaa vitoto vimekufa, kimoja kimekauka kama ngozi, kingine dhaifu. Wanapatia kwenye majani au pumba ambayo paka kajisaidia ndani, vitoto vya paka vinapenda sana kulala kwenye magunia ya pumba. Mbuzi aliyetupa kwa tokso kwa kawaida mimba zinazofuata zinakaa vizuri, usimchinje kwa hasira. Lakini nani kasema ni tokso? Ilipimwa? Brusela inatupa mimba vilevile, na homa ya Q, na klamidia, na hizo zote zinampata mtu anayeshika kondo la nyuma na maji ya uzazi kwa mikono mitupu, kama ninavyowajua akina mama wa shamba mtu anavuta kitoto kwa mkono alafu anajifuta kwenye kanga. Mimba ya tatu ikitupwa wamwite mtaalamu wa mifugo wa kata achukue sampuli, waliobaki wavae glavu, kilichotupwa na kondo lake vichomwe au vizikwe kirefu mbwa na paka wasifukue, na we na wifi msikanyage banda wakati wa kuzaa. Maziwa ya mbuzi yachemshwe mpaka yapande. Mavyaa atasema alikunywa mabichi miaka sitini, sawa, amekunywa, nyie chemsheni.

Nirudi kwa wifi maana kwake ndo kuna kazi. Hapa Tanzania wajawazito waliowahi kupimwa, Dar na Mwanza, ilikuwa karibu thuluthi moja ndo wenye IgG. Kwahiyo uwezekano mkubwa wifi hana kinga. Akiambukizwa sasa, miezi mitatu ya mwanzo, mdudu kuvuka kwenda kwa mtoto sio rahisi, ni chini ya 15 katika 100, lakini akivuka anaharibu sana: mimba inatoka, au mtoto anazaliwa kichwa kimejaa maji, chokaa kwenye ubongo, makovu nyuma ya jicho. Mwishoni mwa mimba inageuka, kuvuka ni zaidi ya 60 katika 100 ila mtoto anazaliwa anaonekana mzima, na macho yanaweza kuja kusumbua akiwa na miaka kumi au ishirini. Mama mwenyewe mara nyingi hasikii kitu, au tezi shingoni zinavimba na uchovu.

Apime IgG na IgM wiki hii. Akitoka zote hasi, basi anaishi kwa masharti yote niliyoandika hapo juu na daktari wake anaweza kutaka arudie baadae. Ufaransa wanawapima wasio na kinga kila mwezi mpaka wajifungue. Akitoka kama wewe, mlale wote. Akitoka IgM chanya msianze kulia, hiyo IgM inaweza kubaki kwenye damu mwaka na zaidi na saa ingine kipimo kinakosea tu, inabidi irudiwe na kufanyiwa kipimo kingine kinaitwa avidity, kinachoangalia IgG imekomaa kiasi gani. Ikionekana imekomaa na mimba bado changa, basi maambukizi yalitangulia mimba. Ikiwa kweli ni mapya dawa zipo, spiramaisini mimba ikiwa changa, baadae kuna mchanganyiko wa pirimethamini na sulfadiazini pamoja na asidi ya folini, na hizo anaandika daktari wa wajawazito sio mtu wa duka la dawa. Zile SP za kliniki mnazomeza mbele ya nesi ni za kuzuia malaria, ndani yake hiyo pirimethamini imo ila kwa kipimo cha malaria, msihesabu kwamba mmeshatibiwa tokso.

Na kama kuna msomaji mwingine hapa anaishi na VVU na ana paka, kinachomlinda ni ARV zake na ile Septrini, ndo moja ya kazi zake hiyo, kuzuia tokso isiamke ubongoni pale CD4, wale askari wa kinga ambao VVU inawaua, zikiwa chini ya 100. Asiache kumeza kwa sababu anajisikia mzima. Kichwa kinauma hakiachi, upande mmoja wa mwili unalegea, kifafa kinaanza ukubwani, huyo aende hospitali leo, sio kesho.

Majibu ya wifi yakitoka niandikie, ila usiniandikie "chanya" na "hasi" peke yake, nipe namba zilizo kwenye karatasi, tarehe aliyotolewa damu na wiki za mimba siku hiyo. Na Kipara kama bado hajafikisha mwaka niambie pia, nitakupa ratiba yake ya minyoo.